Skrini Moja, Mechi Kumi: Linda Pesa Zako Siku ya Mwisho wa Ligi

Siku ya mwisho wa Ligi Kuu ya Uingereza, mechi zote kumi huanza kwa wakati mmoja. Tarehe 25 Mei 2025, kwa mfano, zilianza saa kumi na mbili jioni kwa saa za hapa kwetu. Kutoka Mtwapa, Kilifi mjini, Watamu hadi Malindi, mabanda ya mpira huwa yameshajaa kabla ya filimbi. Wengine hutoka kuswali Magharibi, na wakirudi swali ni moja tu: "Wapi kumeingia?"

Runinga nayo haitulii. Mara iko kwa timu inayotafuta kombe, mara inakimbilia kwa timu inayokwepa kushuka daraja, mara imeruka kuonyesha penalti kwingine. Raha ni tele. Lakini sisi tunaokaa upande wa malipo tunajua kwamba wakati macho yako kwenye skrini, vidole viko kwenye simu, na pesa hutoka haraka kuliko kawaida. Wacha tueleze matangazo haya yanavyofanya kazi, kisha tuone mfuko wako utabaki vipi salama.

Kwa nini zichezwe saa moja?

Sababu ni haki. Katika Kombe la Dunia la 1982 kule Uhispania, Algeria iliwashangaza watu kwa kuifunga Ujerumani Magharibi 2-1. Mechi yake ya mwisho ya kundi ikacheza siku moja kabla ya wenzake. Kwa hivyo Ujerumani Magharibi na Austria zilipokutana mjini Gijón tarehe 25 Juni, zilishajua hesabu: Ujerumani ikishinda kwa bao moja au mawili, zote mbili zinapita. Bao likaingia dakika ya kumi, kisha mpira ukawa wa kupigiana pasi tu hadi mwisho. Algeria ikafungishwa virago. Kuanzia Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kila kundi zinaanza pamoja.

Ligi ya Mabingwa ya Ulaya imeenda mbali zaidi. Tarehe 29 Januari 2025, timu zote 36 zilicheza usiku mmoja: mechi 18, zote zikianza saa tano usiku kwa saa zetu.

Kuhamahama hakukuanza jana

Kabla ya runinga kulikuwa na redio. Wazee wa Kiitaliano walioishi Malindi watakumbuka kipindi cha RAI kilichoanza Januari 1960, *Tutto il calcio minuto per minuto*. Watangazaji walikaa kila mmoja uwanjani kwake, na bao likiingia mmoja anamkatiza mwenzake. Marekani nao mwaka 2009 wakaanzisha NFL RedZone, chaneli inayoruka mechi hadi mechi kila timu inapokaribia kufunga.

Uzuri wake ulionekana tarehe 13 Mei 2012. Manchester United ilimaliza kazi Sunderland kwa 1-0, na wachezaji wakabaki uwanjani wakingojea habari. Aliyetazama mechi hiyo peke yake aliona bingwa. Lakini kule Manchester, City waliokuwa nyuma 2-1 dhidi ya QPR walisawazisha dakika ya 92 kupitia Džeko, kisha Agüero akafunga la tatu. Timu zote mbili zilikuwa na pointi 89, na City wakachukua kombe kwa tofauti ya mabao. Dakika chache tu ziligeuza msimu mzima.

Na hapo ndipo wengi huponzwa, kwa sababu mtu huamini kwamba yeye ataziona dakika hizo kabla ya wengine.

Picha unayoiona imeshapita

Mpira ukipigwa Uingereza, picha hupanda setilaiti, hupita studio, ndipo ishuke kwenye dishi la banda lenu. Hizo ni sekunde kadhaa. Ukitazama kwa intaneti ya simu, kuchelewa kunaweza kufika nusu dakika au zaidi. Ndiyo maana jirani hupiga kelele za bao wakati kwako fowadi bado anakokota mpira.

Matangazo ya kuhamahama yana ucheleweshaji mwingine: lazima kwanza mwelekezaji wa matangazo aone tukio, aamue, kisha akupeleke huko. Mara nyingi unachoonyeshwa ni marudio.

Sasa fikiria kampuni ya beti. Ina taarifa zinazotumwa na watu walio uwanjani kwenyewe. Pia beti yako ya mechi inayoendelea huwekwa kusubiri sekunde kadhaa kabla ya kukubaliwa. Kukitokea jambo katikati, inakataliwa au bei inabadilika. Unapodhani umewahi, wewe ndiye wa mwisho kujua.

Hesabu inayodanganya macho

Msimu wa 2023/24 ligi hiyo ilikuwa na mabao 1,246 katika mechi 380, yaani zaidi kidogo ya matatu kwa mechi. Ukitazama mechi moja, unangoja bao karibu nusu saa. Ukitazama kumi kwa pamoja, linaingia bao kama kila dakika tatu. Mechi ni zilezile, ila kichwa kinaanza kuamini kwamba kila kona ni bao na kila beti iko karibu kulipa. Hakuna tena dakika tupu ya kutulia na kujiuliza: "Hii pesa ni ya nini?"

Na ule mkeka wa timu kumi? Hata kama kila timu uliyochagua ina nafasi ya asilimia 60 kushinda, nafasi ya zote kumi kushinda ni kama sita katika elfu moja.

Ongeza kodi. Kwa Sheria ya Fedha ya 2025, tangu Julai mwaka huo, asilimia 5 hutozwa pesa zinapoingia kwenye akaunti ya beti, na asilimia 5 nyingine zinapotoka. Ukiingiza na kutoa mara nyingi jioni moja, unakatwa kila mara, hata timu yako ikishinda. Na kumbuka, kubeti ni kwa waliotimiza miaka 18 pekee. Usimwazime mtoto laini yako.

Kabla ya filimbi

*Lipia dekoda mapema.* Siku yenyewe watu wengi hulipa saa moja, na haraka huzaa makosa. Soma namba ya kadi kwenye dekoda yenyewe, si ya kukariri. Namba ya paybill ichukue kwenye ujumbe wa malipo yako ya awali, si kwa mtu aliyeituma kwenye kundi la WhatsApp.

*Mwenye banda, tazama simu yako.* Mteja akikuonyesha mlangoni ujumbe kwamba ameshalipa, huo ni wa kwenye simu yake, na unaweza kughushiwa. Mruhusu apite ukishaona pesa kwako. Msongamano ukizidi, weka mtu mmoja wa kazi hiyo tu.

*"Nimekutumia kimakosa, nirudishie."* Walaghai hupenda dakika za majeruhi kwa sababu wanajua huna nafasi ya kusoma. Angalia salio kwanza. Hata kama pesa zimeingia kweli, usizitume mwenyewe. Mwambie mtumaji apigie kampuni yake irudishe.

*Tenga pesa za matumizi.* Karo, kodi ya nyumba na mtaji wa samaki wa kesho vihamishie akiba kabla ya mechi. Kama utabeti, amua kiasi asubuhi, kikiisha kimeisha. Usikope kwa simu kufukuzia hasara.

*PIN ni yako peke yako.* Banda likijaa mtu yuko begani kwako. Funika simu, na soma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha.

Ukituma kimakosa, tupigie mara moja kupitia namba yetu ya huduma kwa wateja, mpokeaji kabla hajatoa. Tutajaribu kuzizuia, ila pesa ikishatolewa kazi huwa ngumu. Mpira una marudio. Muamala uliokwisha kutumika hauna.