Mdudu wa Speke na Sumaku Inayopiga Picha ya Uso

Machi 1858, Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Ujiji kwa mtumbwi kuvuka Ziwa Tanganyika. Usiku mmoja, katika kisiwa cha Kivira, dhoruba ilivuruga hema lake. Alipowasha mshumaa, mbawakawa weusi wakajaa humo, na mmoja akapenya sikioni mwake. Akamimina siagi iliyoyeyushwa. Iliposhindikana, akamchokonoa kwa ncha ya kisu. Sikio likatunga usaha, uso ukapinda, kutafuna kukamshinda. Kwa miezi mingi kila alipopenga kamasi, sikio lilipiga mluzi.

Naamini kisu kilitoboa kiwambo cha sikio. Nyuma ya pua kuna mrija mwembamba unaofika sikioni; kiwambo kikitoboka, hewa hupata pa kutokea. Speke hakuwa na wa kumwonyesha hayo. Leo ipo MRI.

Mashine hii haitumii eksirei. Sumaku ya Tesla 1.5, yenye nguvu mara 30,000 hivi kuliko ya dunia, hupanga viini vya hidrojeni vilivyomo katika maji na mafuta ya mwili. Mawimbi ya redio huvigutusha, na vinapotulia hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza picha. Kwa hiyo MRI huona zaidi kile kilicho laini na chenye majimaji. Mfupa na hewa hutoka vyeusi.

Ndiyo maana inafaa kwa sainasi, vile vyumba vya hewa vya mashavuni, kwenye paji, kati ya macho na nyuma kabisa ya pua. Kamasi iliyokwama hung'aa, ilhali uvimbe mara nyingi hufifia, hivyo daktari hujua saratani imeishia wapi na kamasi imeanzia wapi. Lakini uchafu wa fangasi uliokauka huweza kuwa mweusi kama hewa, chumba kilichojaa kikaonekana kitupu! Hapo picha ya CT, inayopigwa kwa eksirei na kuonyesha mifupa vizuri, husomwa pamoja na ya MRI.

Kutoka Bangwe, rasi iliyo kati ya ghuba ya Kigoma na Ujiji, mgonjwa aliyepewa rufaa ya kupimwa MRI katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Fundi unayechomelea au kukata chuma, kama chembe iliwahi kukuruka jichoni, hata zamani sana, sema mapema, kabla hujapanda treni. Sumaku ile inaweza kuisogeza chembe hiyo na kukupofusha.