WALIOSHIKA PEMBE NNE ZA GODORO

Somo: Marko 2:1-12 na Wagalatia 6:1-5

Kama Biblia iko karibu nawe, ifungue katika Injili ya Marko, sura ya pili.

Habari hii mwaijua tangu shule ya Jumapili. Yesu alikuwa Kapernaumu, na nyumba ilijaa watu hata mlangoni pakakosa nafasi. Wakaja watu wanne wamembeba mwenzao aliyepooza. Walipoona njia imefungwa, hawakumlaza uani na kwenda zao, wakisema, "Sisi tumefanya yetu." Walipanda juu, wakafungua paa, wakaliteremsha godoro mpaka mbele ya Yesu.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, hatuambiwi majina ya watu hao. Twajua hesabu yao tu, kwamba walikuwa wanne, na godoro lina pembe nne. La pili, Marko aeleza kwamba Yesu aliiona imani yao. Imani ya watu hawa ilionekana kwa macho. Ilikuwa na jasho usoni na vumbi la paa kichwani.

Leo nataka tuzungumze juu ya nyumba yenye mtoto aliye mgonjwa sana, na juu ya sisi majirani wa nyumba hiyo. Nitaanza kwa kuungama kosa langu.

Miaka michache iliyopita, katika parishi niliyoitumikia upande wa ziwa, palikuwa na mtoto wa kiume wa miaka sita. Taya lake lilianza kuvimba. Wazazi walidhani ni jino, na jino likang'olewa. Uvimbe ukazidi, na meno mengine yakalegea. Mwishowe walipelekwa hospitali kubwa ya rufani, wakaambiwa ni saratani. Jumapili iliyofuata tulifanya harambee. Watu walitoa kwa moyo: fedha, kuku, magunia ya mahindi. Nikaomba kwa sauti kuu, na mtoto akaenda kutibiwa.

Ndugu zangu, baada ya dawa ya kwanza uvimbe ulinywea upesi ajabu. Mama yake alimleta kanisani, tukapiga makofi na kuimba, nami nikahubiri juu ya shukrani. Wote tukarudi nyumbani tukijua kazi imekwisha.

Lakini haikuwa imekwisha. Kadi yake ya kliniki ilikuwa na tarehe nyingine, na nyingine baada ya hiyo. Fedha za harambee zilikuwa zimemalizika. Baba alikwisha kuuza ng'ombe, na mama aliona haya kusimama tena mbele ya watu waliokwisha kumsaidia. Tarehe ya kwanza ikapita, na ya pili ikapita. Nilikutana na mama huyo njiani mara mbili, nikamwuliza, "Mtoto ajambo?" Akajibu, "Hajambo, mchungaji." Nikaendelea na safari yangu.

Aliyeuliza swali lililofaa ni nyanya mmoja mjane, asiyejua kusoma. Alinijia baada ya ibada akasema, "Mchungaji, mwanangu, nauli ya kumrudisha yule mtoto hospitali anayo nani?" Sikuwa na jibu. Tulimrudisha wiki ile ile, lakini uvimbe ulikuwa umerudi kwa nguvu. Mtoto yule alifariki. Siwezi kuwaambia kwamba nauli ingemponya, kwa maana hayo Mungu ndiye ajuaye. Najua tu kwamba hakuna aliyeuliza, na kwamba mchungaji wake alikuwa mmoja wao.

Sasa yafaa tuuelewe ugonjwa wenyewe, kwa sababu kutojua kwetu ni sehemu ya mzigo. Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa Kiayalandi, Denis Burkitt, Mkristo mcha Mungu, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Baadaye akaona wengine kama yeye, na mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo. Mwaka 1961 alifunga safari ya gari pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams alikuwa mmishonari katika hospitali ya Kuluva huko Uganda. Walikwenda kiasi cha maili 10,000, kutoka Kampala mpaka Afrika Kusini, wakipita hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza ni wapi watoto kama hao huonekana. Waligundua kwamba ugonjwa huu hupatikana zaidi penye joto na mvua nyingi, mahali pale pale penye malaria kali. Ndiyo maana kwetu Kenya waonekana kandokando ya ziwa na pwani kuliko nyanda za juu. Saratani hiyo yaitwa kwa jina la Burkitt mpaka leo.

Basi tuseme wazi. Ugonjwa huu si laana ya ukoo, wala hakuna jirani aliyemroga mtoto. Hauambukizi kwa kula sahani moja. Hukua upesi sana, na kwa siku chache uvimbe waweza kuongezeka mara mbili, taya au tumbo likajaa. Lakini hutibika, na watoto wengi hupona kabisa wakiwahi na wakimaliza dawa. Na hapa ndipo penye mtego. Kwa kuwa dawa za kwanza huondoa uvimbe upesi, mzazi huona mtoto amepona, na kanisa nalo huona hivyo. Kumbe ndani mbegu zimebaki. Dawa hutolewa duru baada ya duru, kwa wiki nyingi, na anayeacha katikati huirudisha saratani.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 80 katika kila 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, wanaopona hawafiki 30. Zipo sababu nyingi: kuchelewa kujua ugonjwa, upungufu wa dawa na waganga. Lakini sababu moja ni hii ya kuacha matibabu katikati ya njia, na hiyo yatuhusu sisi. Hatuwezi kujenga hospitali kwa Jumapili moja, ila twaweza kuuliza habari ya nauli.

Mtume Paulo, katika Wagalatia sura ya sita, aagiza Wakristo wabebeane mizigo. Aya chache mbele asema kila mtu ataubeba wake. Je, ajipinga? La. Katika Kiyunani ametumia maneno mawili. La kwanza ni mzigo mzito, unaomwinamisha mtu mpaka chini. La pili ni kifurushi cha msafiri, ambacho kila mtu hujitwika mwenyewe. Homa ya mtoto ya siku tatu ni kifurushi, na wazazi wataibeba. Saratani, ugonjwa wa moyo, figo zilizokufa, hiyo ni mizigo. Mzazi akiachwa peke yake chini ya mzigo wa namna hiyo atavunjika, hata akiwa mtu wa imani.

Tutaubebaje basi? Godoro lina pembe nne, nasi na tugawane.

Pembe ya kwanza ni safari na fedha. Harambee moja kubwa ni njema, lakini changieni kidogo kidogo kila mwezi mpaka kadi ya kliniki imalizike. Mtu mmoja aandike tarehe zote za kurudi hospitali katika daftari la kanisa, na siku tatu kabla ya kila tarehe nauli iwe tayari. Mama asiombe, apelekewe. Mweka hazina aandike kila shilingi, hata zile zilizotumwa kwa simu, ili pasiwe na manung'uniko. Tena, jamaa wasaidiwe kujiandikisha katika bima ya afya ya taifa kabla ugonjwa haujabisha hodi. Tangu Oktoba 2024 bima hiyo imo mikononi mwa SHA, iliyochukua mahali pa NHIF ya tangu 1966. Wako wazee wetu wengi ambao bado hawajui hatua za kufuata. Vijana wenye simu, hiyo ni huduma yenu.

Pembe ya pili ni nyumba iliyoachwa. Mama akiwa wodini mwezi mzima, ni nani anayekama ng'ombe? Ni nani anayepalilia? Mara nyingi ni binti wa miaka kumi, aliyeacha shule kuwapikia wadogo zake. Huyu naye ni mgonjwa asiye na kitanda. Akina mama wa kanisa, gawaneni siku. Mmoja apike Jumatatu, mwingine afue Jumatano. Watoto wale waende shule wameshiba, na mtu awaulize wanaogopa nini.

Pembe ya tatu ni mwili wa mtoto mwenyewe. Dawa za saratani hupunguza nguvu za damu ya kupigana na maradhi. Kwa hiyo ukiwa na mafua au kikohozi, upendo wako uoneshe kwa kukaa kwako. Nawa mikono kabla ya kumshika. Nywele zake zikinyonyoka, wafundisheni watoto wenu wasimcheke. Akishikwa na homa usiku, asingoje asubuhi wala asitafutiwe dawa za dukani. Apelekwe hospitali saa ile ile. Basi mwenye gari na mwenye pikipiki waache namba zao za simu kwa jamaa ile, nao waitike saa nane za usiku. Tena iko damu. Haitengenezwi kiwandani. Mtoto akihitaji damu, itatoka katika mkono wa mtu mzima mwenye afya. Nadhani haiko sadaka inayofanana zaidi na Injili yetu kuliko hiyo.

Pembe ya nne ni kukaa pamoja na kuomba. Rafiki za Ayubu wamelaumiwa kwa haki, lakini mwanzo walifanya vema: waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kunena neno. Waliharibu walipofungua vinywa kutafuta kosa lake. Nasi twaharibu hivyo hivyo. Twamwambia mama, "Chunguza maisha yako." Twamwambia baba, "Imani yako ni haba." Twawaambia waache dawa na kukimbilia kwa mtu atakayeweka mikono na kupokea bahasha. Ndugu, dawa na maombi si wake wenza wanaogombana. Mungu aliyempa Burkitt akili ndiye tunayemwomba. Waombeeni kwa majina, lakini msigeuze habari za nyumba ile kuwa masengenyo yenye Amina mwishoni. Na msimsahau baba. Watu humwona amesimama barazani, kimya, wakasema ni shujaa. Wanaume wa kanisa, ketini naye. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na baba naye ni mzazi.

Labda mmoja wenu auliza, "Na mtoto akifa, kazi yetu yote ilikuwa ya nini?" Swali hili nimelibeba tangu kaburi lile dogo. Baada ya mazishi nilikwenda kumwomba mama yule msamaha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mchungaji, kifo kimeniumiza. Lakini zile wiki nilizokuwa peke yangu, hizo nazo zinaniuma." Sikusahau neno hilo. Kifo hatukiwezi, Bwana peke yake amekishinda. Ila upweke ule ulikuwa ndani ya uwezo wetu, nasi hatukuuondoa. Hata pale tusipoweza kumwondolea mtu ugonjwa, twaweza kuhakikisha kwamba haubebi akiwa peke yake.

Parishi ile sasa ina daftari. Nyanya yule mjane ndiye aliyedai linunuliwe, na ingawa hawezi kulisoma, kila Jumapili humwuliza mweka hazina, "Wiki hii ni tarehe ya nani?" Yuko binti mdogo ambaye jina lake limo humo. Bado yuko katika matibabu, na mwisho wa safari yake hatujauona. Lakini hajakosa kliniki hata moja.

Basi msikilizaji wangu, kabla jua halijatua leo, fikiri ni nyumba gani karibu nawe yenye mtoto mgonjwa. Usiulize tu, "Ajambo?" Uliza, "Tarehe ya kurudi ni lini, na nauli anayo nani?"

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyemwona yule aliyepooza na kuwaona pia waliombeba, uwatazame leo watoto walio wagonjwa na wazazi wasiolala. Waganga na wauguzi uwape hekima na huruma. Utusamehe sisi tuliopiga makofi mapema tukaenda zetu. Utupe mikono isiyochoka, tushike pembe zetu mpaka mwisho wa njia. Na wale waliozika watoto wao, uwakumbatie mpaka siku ile utakapofuta kila chozi. Kwa jina lako tunaomba. Amina.