Kuku Mgeni

Wahenga walisema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Methali hii hunenwa juu ya wanadamu, lakini asili yake ni desturi ya kweli. Kuku aliyetoka sokoni akifunguliwa mara afikapo, hajui mlango wa banda wala mahali pa maji. Hutangatanga huku na huku, na jua likichwa hulala kichakani, akaliwa na kicheche. Ndiyo maana ya kamba.

Lakini yuko adui mwingine ambaye kamba haimzuii. Huyo ni ugonjwa wa mdondo, ambao pengine huitwa kideri. Kuku aliyeambukizwa huweza kula na kuwika kama mzima, kwa maana ugonjwa hujificha mwilini siku 2 hadi 15. Kisha husinzia, huhema kwa shida, huhara kinyesi cha kijani, na shingo hupindika; wengi hufa. Hivyo jogoo mmoja aliyenunuliwa kwa furaha aweza kumaliza kuku wote wa nyumba kabla ya mwezi kwisha, na pamoja nao hupotea fedha za chumvi na za daftari za watoto.

Basi, mwenye kuku afanyeje? Kwanza, amweke mgeni katika kizimba peke yake, mbali na banda, muda wa majuma 3. Ampe maji safi kwanza, kisha chakula, maana safari humchosha. Amchungulie chini ya mbawa, asije akaleta chawa na utitiri. Kila siku awalishe kuku wenyeji kwanza na mgeni mwisho, kwa vyombo mbalimbali, kisha anawe mikono na kuosha viatu. Tenga lililomchukua mgeni lisiingizwe bandani.

Majuma 3 yakipita naye ni mzima, atiwe bandani usiku, wenziwe wakiwa wamelala. Asubuhi watamdonoa, kwa kuwa kuku wana wakubwa na wadogo wao, na mgeni hana budi kupata nafasi yake. Vyombo vya chakula viwe viwili au zaidi, ili anayefukuzwa huku apate kula kule. Wafungiwe wote bandani siku chache kabla ya kufunguliwa. Ndipo mgeni atakapojua kwamba hapo ndipo kwake, na jioni atarudi mwenyewe.

Tena iko chanjo ya mdondo, tone moja jichoni, ambayo hurudiwa kila miezi 3 au 4. Hupewa kuku wazima. Haimponyi aliyekwisha kuugua. Kwa hiyo mwenye busara huwachanja kuku wake kabla hajakwenda sokoni.

Mtu mwenye haraka huona kizimba kuwa taabu ya bure. Lakini kizimba hujengwa kwa fito chache kwa siku moja, na kundi la kuku hupatikana kwa miaka.