Mfarishi wa Vitenge kwa Kipupwe cha Dodoma

Wanaoijua Dodoma kwa kusimuliwa huiwazia jua, vumbi na mibuyu, lakini aliyewahi kulala huko Juni au Julai anajua habari nyingine. Mji uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na Singida iko juu zaidi. Kipupwe kikiingia, upepo huvuma tangu jioni, na alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 13 hivi. Kwa hiyo cha kujifunikia ni hitaji hasa katika nyanda hizi za kati, na kila mtu anajua hivyo, kwa kuwa hata katika orodha za mahari za jamii nyingi za bara utakuta blanketi la babu, shuka la bibi na mkaja wa mama. Vitu hivi vinatajwa kwa jina la anayevipokea, vikidaiwa kwa heshima na kutolewa kwa heshima. Siku hizi lakini vinanunuliwa dukani siku moja kabla ya shughuli, vikiwa bado ndani ya mfuko wa plastiki, na babu hupewa blanketi ambalo hakuna aliyeligusa kwa ajili yake. Hoja yangu ni kwamba zawadi ya namna hii inastahili kurudi mikononi mwa ndugu na kushonwa nyumbani, na kwamba kinachofaa zaidi kuanza nacho huku kwetu ni mfarishi: blanketi la vipande vya vitambaa vilivyoungwa, likatiwa bitana chini na kushonwa bandi kutoka ukingo hadi ukingo.

Atasema mtu kwamba hayo ni mambo ya kigeni, na kwamba Mgogo, Mrangi au Mnyaturu hana historia ya mfarishi. Ni kweli kwamba nguo ya pamba iliingia Ugogo kwa njia ya biashara. Karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililazimika kupita katika nchi hii kavu, na watemi wenye visima walitoza hongo kabla ya kuruhusu mtu kupita na kunywa. Hongo hiyo ililipwa kwa shanga, kwa waya na zaidi kwa nguo: kaniki, na marekani iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kufikishwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Wapelelezi Burton na Speke walipopita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, walihesabu safari yao kwa doti walizolazimika kuacha Ugogo. Lakini kabla ya doti hizo watu hawakukaa bila kushona. Ngozi za ng'ombe na mbuzi zililainishwa, zikakatwa, zikaungwa na kutiwa shanga na watu wenyewe kwa ajili ya watu wao. Kaskazini kidogo, kwa Wairaqw wa Mbulu, sketi za ngozi zilizonakshiwa kwa shanga ni kazi ya wanawake yenye ustadi mkubwa kiasi kwamba leo zinatunzwa katika makumbusho za nje. Pwani nako, kofia ya mkono yenye vitobo vilivyozungushiwa uzi, ambayo mke humshonea mume kwa miezi, haijawahi kuhitaji utetezi wa mtu yeyote. Kilichotoka ng'ambo, basi, ni kitambaa. Desturi ya kumkalia ndugu kitako na kumshonea ni yetu.

Na kuna ushahidi mwingine, ulio mbali kwa maili na karibu kwa damu. Katika misitu ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka nchini India, wanaishi Wasiddi, watu ambao wahenga wao walitolewa Afrika Mashariki na Kusini-Mashariki, wengi wakiwa watumwa waliopitishwa Goa enzi za Wareno. Lugha za kwao zimekwisha midomoni, ila wanawake wao wana kazi moja ya mkono inayowatambulisha, iitwayo kawandi. Mshonaji hutandika kitambaa cha chini, mara nyingi sari iliyochakaa, kisha huanza ukingoni na kupachika juu yake vipande vya nguo kuukuu, kimoja kikilalia ukingo wa kingine, huku akipiga bandi za mkono zinazoshika kipande, tabaka la kati na bitana kwa pamoja. Huzunguka pande zote nne akielekea ndani, mzunguko baada ya mzunguko, hadi afike katikati, na hapo mfarishi umekwisha. Hakuna cherehani, hakuna meza, hakuna kupima kwa rula. Pembeni, kwenye kona nne, huwekwa vikunjo vidogo vya kitambaa vinavyoitwa phula, yaani maua, na mfarishi usio na maua hayo huhesabika kuwa uchi. Bibi humshonea mjukuu, mama humshonea binti, na vipande vinavyotumika ni vya nguo ambazo familia ilizivaa.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa kuwa linajibu swali la vifaa. Wengi wanaposikia habari ya mfarishi huwaza mashine ya gharama na vitambaa vya kuagiza, wakakata tamaa kabla ya kuanza. Njia ya Wasiddi inataka sindano, uzi imara, subana ya kukinga kidole, mkasi na mkeka wa kukalia. Vitambaa vyenyewe Dodoma vimejaa. Katika vibaraza vya mafundi wa Majengo, Sabasaba na Chang'ombe, kila gauni la kitenge likatwapo huacha mabaki: pembe za shingo, vipande vya chini ya kwapa, kamba za pindo. Tangu serikali ihamie hapa na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, sare za harusi na vikao vya familia zimeongezeka, na kwa kila sare ya kamati nzima fundi hubaki na gunia la vipande vya rangi ileile. Vingi huishia kujazia mito au kuchomwa pamoja na taka.

Si kila kipande kinafaa, na hapa ndipo kazi nyingi za mwanzo huharibika. Mfarishi wa joto hutaka pamba. Kitenge cha pamba na kile cha polista hufanana machoni, lakini uzi uliochomolewa ukichomwa husema ukweli: wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi, wa polista huyeyuka na kuganda kama tone gumu jeusi. Kipande kipya kifuliwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu ili kitoe wanga wa kiwandani na kisinyae kabla ya kushonwa, maana kikisinyaa baada ya kushonwa huvuta wenzake na kuacha mikunjo isiyonyooka tena. Rangi zinazochuja, hasa nyekundu na bluu iliyokolea, zilowekwe peke yake. Katikati, badala ya sufi ambayo husogea na kujikusanya upande mmoja, shuka la zamani au kanga mbili zilizochakaa zinatosha. Kinachozuia baridi hapa ni hewa iliyonaswa kati ya tabaka na tabaka, na bandi zilizo karibu karibu huigawa hewa hiyo katika vifuko vidogo isipate pa kukimbilia. Ndiyo maana tabaka tatu nyembamba zilizoshonwa pamoja huweza kumfaa mtu kuliko shuka moja zito.

Pingamizi lililo zito kuliko yote halihusu vifaa. Ni aibu. Kwa Watanzania wengi wenye umri wa kukumbuka mwanzo wa miaka ya 1980, viraka ni kumbukumbu ya uhaba: nchi imetoka katika Vita vya Kagera, viwanda vimepungukiwa vipuri, maduka ya ushirika yana foleni, na suruali yenye kiraka cha goti huvaliwa kazini kwa sababu hakuna nyingine. Mtu aliyepitia hayo ana haki ya kutopenda kupewa kitu cha viraka siku ya arusi ya mwanawe, na sidhani inafaa kumcheka. Ila kumbukumbu hiyo ni ya nguo iliyotobolewa na maisha, ikazibwa kwa kificho. Mfarishi hauzibi tundu lolote. Umepangwa tangu mwanzo, rangi imewekwa kando ya rangi kwa kuchaguliwa, na macho ya mtazamaji huliona hilo upesi. Historia nayo inaonyesha kwamba viraka hubeba maana wanayopewa na wenyewe. Wafuasi wa Mahdi nchini Sudan miaka ya 1880 walivaa juba lenye viraka kama alama ya kujitoa kwao kwa dini, na vazi hilo likawa sare ya jeshi. Huko Gee's Bend, Alabama, wanawake weusi, vizazi vya watumwa wa mashamba ya pamba, walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa ili watoto wao wasife kwa baridi katika nyumba za mbao zenye nyufa. Mwaka 2002 mifarishi ileile ilianza kuonyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston, ikapelekwa New York, na watu wakapanga foleni kuitazama. Wanawake wale walikuwa na jicho la rangi muda wote, kabla ya makumbusho kuligundua.

Linalofuata ni la bei. Blanketi laini kutoka China, lenye picha ya chui au maua, hupatikana sokoni kwa fedha ambayo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuimudu, ilhali mfarishi mmoja mkubwa unaweza kula jioni za miezi miwili au mitatu. Kwa hesabu ya saa na shilingi, mshonaji amepata hasara, na hesabu hiyo ni sahihi. Kwa sababu hiyo simshauri mtu yeyote aanze kwa kuota biashara: sokoni mfarishi wa mkono utashindana na mashine, na utashindwa. Lakini zawadi haiendi sokoni. Michango ya kichen pati na sendofu imekwisha kutufundisha jinsi fedha inavyofanya kazi: jina linaandikwa, kiasi kinaandikwa, na zamu yako ikifika utarudishiwa cha kufanana nacho. Ni utaratibu wenye faida, umejenga nyumba nyingi changa. Kazi ya miezi hairudishwi kwa kiasi. Anayeipokea hawezi kuilipa, anaweza kuitumia tu, na kila akiitumia anajua nani alimwekea jioni zake humo. Ndani yake pia panaweza kukaa vitu visivyouzwa popote: kipande cha sare ya harusi ya wazazi, kipande cha mbeleko iliyombeba mtoto mwenyewe, pembe ya kanga ya bibi. Kwa hiyo ya mwisho, ombeni ruhusa kwanza. Zipo kanga ambazo familia huzitunza nzima kwa ajili ya jina lake, na mkasi ukishapita hakuna wa kuzirudisha.

Wapo wanaouliza, na wanauliza kwa haki, kama huku si kumwongezea mwanamke mzigo mwingine usiolipwa. Mwanamke wa Bahi au Chamwino analima uwele na mtama masika, anatafuta maji na kuni kiangazi, na juu ya hayo anaambiwa ashone kwa upendo. Sina nia ya kulificha hilo chini ya maneno matamu. Zawadi inayodaiwa kwa lazima ni kodi, na mama asiye na nafasi asidaiwe mfarishi na mtu yeyote. Ila tusikubali kwamba sindano ni ya wanawake. Mafundi cherehani waliojaa vibarazani mwa miji yetu kwa miongo mingi ni wanaume, na hakuna aliyewahi kuona ajabu. Mume, kijana aliyemaliza shule, mstaafu wa wizara aliyehamia Dodoma na kukuta jioni zake ndefu, wote wana vidole. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mavuno yakishaingia ghalani kuna miezi ambayo kazi ya shamba hulegea kwa wengi. Njia ya kushona kuanzia ukingoni ina faida hapa pia, maana watu wanne wanaweza kuketi pande nne za mfarishi mmoja. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 na kuenea hadi Mpwapwa, Kondoa na Singida, pamoja na vyuo vya VETA, hufundisha ushonaji wa nguo. Kuongeza somo la kuunga mabaki ambayo vyuo hivyo vyenyewe huyatupa kila siku hakutahitaji bajeti mpya.

Limebaki la maji, ambalo kwa mkazi wa Dodoma si dogo. Mji huu umetegemea visima vya Mzakwe kwa muda mrefu, mgao unajulikana, na vumbi la Agosti huingia hadi ndani ya kabati. Nani atafua kitu kizito hivyo? Kwa blanketi nene la manyoya swali hilo ni gumu kweli, kwa kuwa hunyonya ndoo baada ya ndoo na huchelewa kukauka katikati. Mfarishi wa tabaka nyembamba za pamba hufuliwa kama kanga tatu zilizoshikana: beseni moja kubwa, sabuni ya kawaida, suuza mara mbili. Ukianikwa asubuhi katika upepo wa kiangazi, kabla ya jua kukolea, na kugeuzwa upande wa bitana mchana ili rangi zisipauke, jioni utakuwa tayari kurudi kitandani kwa babu.