Handaki la Zebes Kiganjani

Gemu ikishafikisha miaka 18, kampuni inayotaka kuirudisha sokoni ina njia mbili. Inaweza kuihamishia kwenye mashine mpya kama ilivyo, au inaweza kuivunja na kuiunda upya kuanzia msingi. Ni nadra kampuni moja ikazifuata njia zote mbili kwa gemu ileile, kwenye mashine ileile, ndani ya mwaka mmoja. Nintendo ya Japani ilifanya hivyo mwaka 2004 kwa gemu ya Metroid, na kwangu mimi hakuna mfano bora wa kumwonyesha mtu kazi ya kuunda gemu upya ni kazi gani hasa.

Metroid ya kwanza ilitoka Japani Agosti 6, 1986, kwa ajili ya Famicom, mashine ya kuchomeka kwenye televisheni. Mchezaji anamwongoza Samus Aran, mwindaji wa kukodiwa aliyevaa vazi la kivita, anayeshuka peke yake chini ya ardhi ya sayari ya Zebes kuwasaka maharamia wa anga. Maharamia hao wameiba metroid, viumbe wanaonyonya uhai wa chochote wanachokishika. Waundaji wa gemu hiyo, miongoni mwao Yoshio Sakamoto na mchoraji Hiroji Kiyotake, wakisimamiwa na Gunpei Yokoi, walivutwa sana na filamu ya Alien ya mwaka 1979. Hata joka mmoja wa gemu hii anaitwa Ridley, jina la Ridley Scott aliyeiongoza filamu hiyo. Naye Hirokazu Tanaka alitunga muziki unaochanganyika na sauti za mapangoni hadi huwezi kuutenga. Wimbo wa kuimbika hausikiki mpaka adui mkuu, Mother Brain, ashindwe. Ukiwahi kumaliza ndani ya muda mfupi, Samus anavua kofia yake ya chuma na unagundua kwamba ni mwanamke. Kitabu cha maelezo cha Kiingereza kilikuwa kimemtaja muda wote kama mwanamume.

Sisi tuliokulia Kirua Vunjo hatuhitaji maelezo mengi kuhusu handaki. Ukivuka Kilema ukafika Marangu na Mamba, yapo mapango ambayo Wachaga waliyachimba ili kujificha na mifugo yao nyakati za vita na Wamasai, na za vita vya wamangi, yaani machifu wao, wao kwa wao. Mlango ni mwembamba, mnaingia mmoja mmoja mkiwa mmeinama, hivyo aliye ndani anamwona adui kabla adui hajaona kitu. Kuna vyumba vya pembeni, mahali pa kupikia na matundu ya kupitisha hewa. Asiye mwenyeji anapotea humo upesi. Zebes imejengwa kwa akili hiyohiyo: vishoroba vya kubana, vyumba vilivyofichwa nyuma ya kuta, na mgeni ni wewe.

Tazama hatua ya kwanza kabisa. Gemu nyingi za enzi zile zilimzoesha mchezaji kwenda kulia tu, toka mwanzo hadi mwisho. Metroid inakuweka katikati ya pango bila neno lolote. Ukikimbilia kulia kama ulivyozoea, muda si mrefu unakwama mbele ya upenyo ulio chini sana usioweza kupita. Unachokihitaji, uwezo wa kujikunja ukawa mpira na kubingirika, kilikuwa hatua chache tu upande wa kushoto wa pale ulipoanzia. Kwa somo hilo moja mchezaji anajua kwamba huku njia haionyeshwi, inatafutwa.

Lakini si ugumu wote uliokusudiwa. Kadi ya gemu iliyouzwa Marekani mwaka 1987 ilikuwa na kilobaiti 128, nafasi ambayo leo haitoshi hata picha moja ya simu. Ili sayari nzima ienee humo, vipande vilevile vya vyumba vilirudiwa tena na tena, ndiyo maana vishoroba vinafanana mpaka unaapa umeshapita hapo. Ramani haikuwemo. Toleo la Japani liliseva kwenye diski, ila la Marekani lilikutaka unakili kwenye karatasi nywila ya herufi 24, kubwa na ndogo, zikiwa zimechanganyika na tarakimu. Ukiandika O mahali pa sifuri, jasho la jioni nzima limekwenda. Na hata ukiingiza nywila sawasawa, Samus anaamka na nishati 30 pekee, hata awe na matangi ya kubeba mamia. Inakubidi usimame mahali pamoja kuua wadudu mmoja baada ya mwingine ili urudishe nguvu. Huo ulikuwa uchovu mtupu.

Basi mwaka 2004 likaja lile jaribio la njia mbili. Katika mfululizo wa Classic NES Series, Nintendo iliihamishia Metroid ya 1986 kwenye Game Boy Advance, mashine yake ya kiganjani, bila kuiunda upya. Picha ya Famicom ina pikseli 256 kwa 240, lakini kioo cha Game Boy Advance kina 240 kwa 160. Ikabidi picha ibanwe kwa kimo. Samus akawa mfupi na alama ndogondogo zikafifia. Uchovu wa kurudisha nguvu nao ukabaki palepale.

Njia ya pili ilikuwa Metroid: Zero Mission, iliyotoka Marekani Februari 9 mwaka huohuo chini ya uongozi wa Sakamoto. Kadi yake ina megabaiti 8, mara 64 ya ile ya zamani, na karibu hakuna mstari wa mchoro uliobaki kama ulivyokuwa. Vyumba vilipimwa upya kulingana na kioo kidogo. Zamani kila chumba kilisogea ama kwa ulalo ama kwa wima. Sasa picha inamfuata Samus pande zote. Zamani alipiga risasi mbele na juu tu, mdudu anayetambaa sakafuni akapita chini ya mtutu wake. Sasa anachuchumaa, analenga kwa mshazari na kudaka ukingo wa jabali kwa mikono. Kuna ramani, na kuna vyumba vya kuseva vilivyotapakaa njiani. Na yule aliyezoea gemu ya zamani bado anaujua mkondo wa mahali: mpira wa kwanza uko kushoto, palepale.

Jambo moja silikubali. Sanamu za Wachozo, viumbe mfano wa ndege waliomlea Samus, sasa zinakuwekea alama kwenye ramani ya wapi pa kwenda. Kwa nusu ya mwanzo ya gemu unajiona umeshikwa mkono, na Metroid haikuwa gemu ya kushikwa mkono. Hata hivyo, ndani ya kuta waundaji waliacha njia za kukaidi maelekezo hayo. Anayejua kuruka kwa kudunda ukutani anapita kusikotarajiwa na kuwahi silaha kabla ya wakati wake. Inawezekana kuimaliza ukiwa umeokota asilimia 9 tu ya vifaa vyote.

Sehemu iliyonifanya niiheshimu gemu hii inaanza pale ya 1986 ilipoishia. Mother Brain amekufa, Samus anaondoka, na chombo chake kinatunguliwa. Anaanguka tena Zebes bila vazi, mkononi ana bastola ya kumtia adui ganzi kwa nukta chache basi. Maharamia wakimwona wanapiga kengele na kumfukuza chumba hadi chumba, naye anajipenyeza kwenye matundu na kusubiri wapite. Mchezaji ameshakuwa na nguvu, ameshaizoea sayari, ana ramani. Anavuliwa vyote kwa mpigo na kurudishiwa hofu ambayo mwaka 1986 ilitokana na mashine kukosa nafasi. Safari hii hofu imetengenezwa kwa makusudi. Nani angeweza kuipata hofu hiyo kwa kunakili tu?

Mashine nayo ina mchango wake. Yokoi, aliyefariki mwaka 1997, aliamini katika kutumia teknolojia iliyokwishazoeleka na ya bei nafuu, na Game Boy ya mwaka 1989 ilizaliwa na imani hiyo. Game Boy Advance ilirithi tabia hiyo: betri mbili ndogo zinatosha kwa saa 15 hivi, ila kioo hakina taa. Juani unaona vizuri. Juni na Julai, ukungu unapoushukia mgomba huku kwetu, unahangaika kuigeuzageuza kuelekea dirishani. Toleo la SP la mwaka 2003 likaleta taa na betri ya kuchaji. Gemu ya kiganjani pia inachezwa kwa vipande, daladala likiwa linateremka kwenda Moshi mjini na konda akidai nauli, ndiyo maana vile vyumba vya kuseva vina thamani kuliko risasi zote.

Vijana wengi wanaonisimulia habari za gemu hizi wamezijulia kwenye simu, kwa programu zinazoiga mashine za zamani. Kioo cha simu hakina vitufe vya kubonyea, na kule kudunda ukutani kunakuwa mateso. Kwa anayetaka vitufe halisi, tangu Juni 2024 Zero Mission imo kwenye huduma ya kulipia ya Nintendo Switch.

Nasi tuna cha kutunza. Mwaka 2015, Black Division Games ya Kenya ilitoa Nairobi X, gemu ya wavamizi kutoka anga za mbali wanaoishambulia Nairobi. Ikifika 2033 itakuwa na umri uleule uliokuwa nao Metroid ilipoundwa upya. Sakamoto aliweza kwa sababu alikuwepo mwanzoni na bado alikuwa kazini. Anayeandika gemu leo Nairobi, Dar es Salaam au Moshi ahifadhi programu asilia, michoro na sauti zake mahali zaidi ya pamoja, na aandike nani alifanya nini.

Anayetaka kupima mwenyewe niliyoyasema aimalize Zero Mission. Gemu itamfungulia Metroid ya 1986, nzima, ndani ya kadi ileile. Aicheze mara moja, na akikutana na ule upenyo wa kwanza atajua aelekee wapi.