Ukila Kindu, Nyumbani Wajue

Mpenzi msomaji, wewe unayefika Kindu kutoka Kalima, Kailo, Kampene au Punia, jibu maswali mawili moyoni mwako. Siku ile ulipomaliza shughuli yako mjini, ulikula nini? Na uliporudi nyumbani, uliwaambia kwamba umekula nini?

Swali la kwanza wengi tutalijibu upesi, tena kwa kucheka. La pili linatupa shida kidogo. Juu ya hilo la pili tutazungumza mwezi huu. Lakini kwanza twende tutembee mjini pamoja, maana si vizuri kuhukumu sahani ambayo hatujaionja.

KARAI YA ALUNGULI

Anayetoka upande wa Kalima anafika kwanza Alunguli, ng'ambo ya mashariki ya mto Lualaba. Pikipiki imemtikisa mifupa, vumbi iko mpaka ndani ya masikio. Karibu na mahali pa kuvukia utamkuta mama amekaa mbele ya karai ya mafuta. Mandazi yanaelea, yanageuka, yanakuwa mekundu. Pembeni kuna sufuria ya uji.

Usikimbilie bwato. Kaa kwenye ubao wake, nunua mandazi matatu na kikombe cha uji. Kwa pesa kidogo sana umepata nguvu ya kufika saa sita. Ukila unatazama mto, unaona mabwato yanakwenda na kurudi, unasikia watu wakisalimiana kutoka maji mpaka nchi kavu. Hiyo nayo ni sehemu ya chakula.

MJI WA KUNGOJA

Kisha unavuka kwenda Kasuku au Mikelenge. Utashangaa namna malewa zilivyo nyingi: kando ya soko, njia ya gare, karibu na ofisi, karibu na kila mahali ambapo magari yanapakia. Kwa nini hivi?

Sababu yake ni ya zamani. Reli kati ya Kindu na Kongolo ilimalizika karibu mwaka 1911, kwa sababu upande ule mto una maporomoko ambayo meli haziwezi kupita. Kutoka Kindu kushuka mpaka Ubundu, maji yanapitika tena. Basi Kindu ikawa mahali ambapo reli inaishia na meli inaanzia. Msafiri alishuka huku, akangoja kule. Na mtu anayengoja anasikia njaa.

Mpaka leo nani kati yetu hajangoja Kindu? Mmoja anangoja ndege, mwingine sahihi kwenye karatasi, mwingine anamngoja mnunuzi wa madini amalize kuhesabu pesa. Mama wa malewa anatuona wote. Yeye anajua nani amefika leo na nani amengoja siku nne, kwa sababu wa siku nne anaomba nusu sahani.

Ingia sasa. Paa ni bashi ya plastiki, meza ni mbao mbili, benchi inataka watu wakae pande zote isipinduke.

"Mama, leo kuko nini?"

"Kuko wali na maharagi. Kuko sombe na samaki. Bugali kuko. Lituma imebaki kidogo. Mutoto yangu, kaa kwanza, unawe mikono."

Ukisikia neno hilo la kunawa mikono, ujue umefika pahali pazuri. Kipindupindu kimeshapita mara nyingi katika jimbo letu, na njia yake ni maji machafu na mikono michafu. Angalia mambo matatu: maji ya kunawa na sabuni, sahani zilizofunikwa nzi zisitue, na chakula kinachotoka motoni kikiwa na mvuke. Pahali ambapo mambo hayo hayapo, sema asante, endelea na njia yako. Hakuna haya.

KILA SUFURIA INA HABARI YAKE

Tuanze na wali, maana Maniema bila wali si Maniema. Watu wa pwani waliotoka upande wa Zanzibar kutafuta pembe za tembo walifika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 aliwakuta huko. Walileta minyororo na machozi, hatuwezi kusahau. Lakini walileta vilevile mpunga, na lugha hii unayoisoma sasa. Wali na Kiswahili vilipita njia moja mpaka kwetu. Ukifika mapema omba ukoko, ule wa chini ya sufuria. Wengine wanadharau, lakini ukoko na mchuzi wa maharagi ni furaha ya mtu mwenye akili.

Sombe nayo inataka subira. Majani ya muhogo yana sumu ndani yake, ndiyo maana mama anayatwanga sana na kuyachemsha muda mrefu kabla ya kutia mafuta ya ngazi. Wewe unakula kwa dakika kumi kazi ambayo yeye aliianza asubuhi. Na lituma, ndizi zilizopikwa zikatwangwa zikawa laini, inashika tumbo mpaka jioni.

Samaki ni wa mto wenyewe: mboto, kambale, na wengine wanaoletwa na wavuvi asubuhi. Kuko ya moshi, kuko ya kuchoma, na kuko liboke, iliyofungwa katika majani ya mangongo pamoja na pilipili na kuwekwa juu ya makala. Majani yakifunguliwa, harufu inafika mezani kabla ya samaki.

Jioni ikiingia, vijana wanawasha moto kando ya njia na kuchoma mishikaki. Hapo pesa ya siku inatoka mfukoni bila mtu kusikia.

HARUFU KATIKA SHATI

Sasa nikuambie jambo langu mwenyewe. Kuna miaka nilikuwa ninakwenda Kindu mara kwa mara kwa mikutano. Mkutano ukiisha, nilikuwa na mama wangu wa malewa karibu na mto. Liboke moja, bugali, pilipili. Nilikuwa ninakula peke yangu, na nilikuwa ninafurahi sana.

Safari moja nilirudi nyumbani usiku. Mke wangu alikuwa amenifunikia sahani: bugali na majani ya matembele bila mafuta, maana mafuta yalikuwa yamekwisha tangu siku mbili. Nikasema, "Sisikii njaa, njia ilinichosha." Mtoto wetu wa tatu alikuwa bado macho. Akaja kunikumbatia, akaweka pua yake kwenye shati langu, akasema, "Baba, uko na harufu ya samaki ya kuchoma."

Hakunilaumu. Alikuwa anafurahia tu ile harufu. Mke wangu hakusema kitu. Alichukua ile sahani, akawagawia watoto.

Mpenzi msomaji, usiku ule sikulala vizuri. Sikuwa nimeiba. Pesa ilikuwa yangu, njaa ilikuwa ya kweli. Lakini nilisema uongo juu ya samaki, na mtoto alijua.

POSHO ILIPITA MLANGONI

Wazee wetu waliofanya kazi katika makampuni ya Wabelgiji hapa Maniema walipokea posho pamoja na mshahara. Ilitolewa kila juma, hata Kilingala mpaka leo kinaita juma "poso". Posho ilibebwa nyumbani, ikapita mlangoni mbele ya macho ya watoto. Mama aliipima, akapika, wote wakala sufuria moja.

Nyakati ziligeuka. Mwaka 1982 serikali iliruhusu raia kuchimba dhahabu na almasi. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, na SOMINKI, iliyoanzishwa mwaka 1976, ikadhoofika mpaka ikaisha katika miaka ya 1990. Siku hizi mchimbaji anapata pesa yake mkononi, mbali na nyumbani, siku moja nyingi na siku kumi hakuna. Pesa hiyo inakutana kwanza na malewa, kisha mishikaki, kisha marafiki. Nyumbani inafika ikiwa imechoka.

Kwa hiyo kosa si la mama wa malewa. Yeye anapika vizuri, tena kwa faida yake ndogo anasomesha watoto. Zamani chakula kilijulikana nyumbani bila mtu kusema. Leo hakijulikani mpaka wewe ufungue kinywa.

Wengine wanasema, "Mwanaume mwenye mke hali njiani." Mimi sikubali kabisa neno hilo. Aliye safarini atakula wapi? Tena kufurahia samaki mzuri si dhambi. Shida ni kufurahia kwa kujificha.

TUFANYE NAMNA GANI?

Ninakuachia mambo manne ambayo sisi nyumbani tulijaribu, na yalitusaidia.

Kwanza, pesa ya kula njiani ipangwe kabla ya safari, mume na mke pamoja. Ikijulikana, hutakula ukiangalia nyuma.

Pili, mlipe mama siku ileile. Vijana, ninawaambia ninyi hasa. Kusema "Mama, andika, nitalipa nikitoka shimoni," kisha kuhamia machimbo mengine, ni kuchukua karamu za watoto wake, madaftari na unga wao.

Tatu, rudi na kitu. Kwanga inakaa siku nyingi ndani ya majani yake, na samaki ya moshi haiogopi safari. Hata vipande viwili vinatosha watoto wajue kwamba ulipokula uliwakumbuka.

Nne, siku moja wapeleke. Mimi nilingoja mavuno ya karanga, nikauza gunia moja, tukaenda Kindu na mke wangu na yule mtoto wa tatu. Tulikaa kwenye benchi ileile karibu na mto. Mama wa malewa aliuliza, "Pasta, ni hawa?" Nikajibu, "Ndiyo hawa." Akaongeza kipande cha samaki ambacho sikukilipia. Mke wangu alionja, akatafuna polepole, akasema, "Pilipili imepita kiasi. Lakini sasa ninajua kwa nini ulikuwa unachelewa." Tulicheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka.

Usiku wa leo, mkimaliza kula, ulizaneni nyumbani: Ni nani kati yetu anayekula nje, na wengine wanajua? Je, tuna deni kwa mama mmoja wa malewa? Na siku tutakayokwenda Kindu pamoja, tutaanzia karai gani?