Uhamisho wa baba, mama naye afanye nini?

Barua ya uhamisho huandikwa jina la mmoja, lakini wanaofunga mizigo ni familia nzima. Mwenye barua anafikia ofisini kwa wenzake. Mwenza wake anafikia nyumba asiyoijua, hana kazi, hana jirani wa kusalimiana naye. Upweke huanzia hapo.

Julia Child, Mmarekani, aliingia Ufaransa Novemba 1948 na mumewe Paul, aliyepangiwa kazi katika ubalozi wa Marekani mjini Paris. Julia alikuwa na miaka 36, Kifaransa kinamshinda, na jikoni hakuwa wa kusifiwa.

Siku ya kwanza walisimama mjini Rouen wakala samaki aliyekaangwa kwa siagi. Ladha ile haikumtoka akilini. Akaanza kusoma lugha, akawa mtu wa sokoni, akiwauliza wauzaji kitu hiki hupikwaje. Mwaka 1949 akajiunga na chuo cha upishi cha Le Cordon Bleu.

Uhamisho haukukoma: Marseille, Ujerumani, Norway. Kila walikohamia Julia alikwenda na kazi yake, kitabu cha mapishi alichoandika na wanawake wawili wa Ufaransa. Kilitoka 1961.

Wakati huo Paul alikuwa ameacha kazi. Julia alipoanza kupika kwenye televisheni mwaka 1963, Paul ndiye aliyembebea masufuria na kuosha vyombo.

Mzazi, uhamisho ukiingia nyumbani kwenu, msiishie kwenye kodi ya nyumba na shule ya watoto. Ulizaneni pia: yule asiye na barua, akifika, atafanya nini?